Masaa ya Chini Ndo Yanayoua Samaki: Majibu kwa Wasomaji Wanaosafirisha Vyakula vya Baridi kwa Ndege

Meseji za mwezi huu nyingi zimetoka Tanga, na moja ya Bagamoyo, na karibu zote zinahusu samaki na vyakula vya kugandisha kupelekwa nje kwa ndege. Wengine mnatuma kibiashara, wengine mnabebea watoto wenu walioko ughaibuni. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu nikiielezea vizuri hiyo, nusu ya maswali ya wengine yanakuwa yameshajibiwa.

Shikamoo mjomba. Nipo Sahare hapa Tanga, nanunua pweza na nguru mnadani Deep Sea, nagandisha kwenye difriza nyumbani alafu namtumia bro wangu Muscat ana mgahawa. Mzigo wa kwanza ulifika poa. Juzi nimetuma kilo 60, maboksi meupe yale mepesi na pakiti za jeli kibao, umefika una maji, pweza wamelainika na nguru wananuka. Ejenti anasema ni kosa la ndege, watu wa ndege wanasema ni kosa la kufunga. Nani mkweli, na nifanyeje nisile hasara tena? (Msomaji, Sahare)

Marahaba mwanangu, na pole sana, kilo 60 za pweza na nguru sio hela ya mchezo, najua hapo umelala macho siku kadhaa.

Hebu kwanza tuhesabu masaa. Dar mpaka Muscat angani ni kama masaa matano au sita, ukiunganisha ndege njiani yanaongezeka. Lakini kabla ya hapo mzigo wako umetoka Sahare, umekaa stendi, umeingia buti la basi, umesafiri kilomita kama 350 kupitia Segera (hata dereva akikatisha Msata akatokea Bagamoyo bado ni safari ya nusu siku), umefika Dar ukamsubiri ejenti, ukaingia kago pale uwanja wa Julius Nyerere, ukapimwa, ukapita kwenye mashine ya eksirei, ukakaguliwa karatasi, ukasubiri kupakiwa, alafu ukatolewa nje kwenye lami ukasubiri ndege juani. Kule unakoshukia ni hivyohivyo kwa kurudi nyuma, lami, ghala, forodha, afisa wa chakula, gari ya bro wako. Jumlisha yote hayo uone kama ndege inafika hata robo. Mzigo wa baridi mara nyingi hauharibikii angani, unaharibikia chini, na sehemu mbaya kuliko zote ni zile ambazo hamna mtu anayeona kuwa ni kazi yake, mfano kati ya mlango wa ghala na tumbo la ndege, au kati ya basi na bodaboda. Fikiria lami ya Ghuba mwezi wa saba au wa nane, joto limepita nyuzi 40.

Sasa kuhusu jeli, na hapa naomba unielewe vizuri mana hili kosa nimeliona kwa watu wengi sana. Jeli ya kawaida ni maji, inayeyuka kwenye nyuzi sifuri. Samaki aliyegandishwa sawasawa anatakiwa awe -18 au chini zaidi, na maji yaliyomo ndani ya nyama yake yana chumvi na vitu vingine kwaiyo hayasubiri sifuri, yanaanza kuyeyuka kwenye -2 hivi. Maana yake ni nini? Samaki anaanza kulainika KABLA jeli haijaanza kuyeyuka. Umejaza jeli kibao, umelipia na uzito wake kwenye ndege, na haikuwa inamlinda samaki aliyeganda hata kidogo, jeli kazi yake ni samaki freshi anayetakiwa akae karibu na sifuri. Wa kugandishwa anataka drai aisi, ile barafu kavu ya kaboni dayoksaidi ambayo ina -78 na haiachi maji, inageuka hewa moja kwa moja.

Drai aisi nayo ina masharti yake. Kwenye ndege inahesabiwa mzigo wa hatari, daraja la 9, namba yake UN 1845, boksi linabandikwa lebo na kuandikwa kilo za drai aisi zilizomo, na kwenye eawei bili (ile hati ya mzigo wa ndege) iandikwe vilevile, ukificha wakaigundua mzigo unabaki. Boksi lisizibwe kabisa, ile hewa lazima ipate pa kutokea, la sivyo linavimba mpaka linapasuka. Haishikwi kwa mkono mtupu, inaunguza. Na kama unaibeba kwenye gari fungua vioo, usiiweke ndani ya gari iliyofungwa na watu wamo, hewa yake ni nzito inajaa chini inafukuza hewa ya kupumua, watu wameshapoteza maisha kwa hilo sehemu mbalimbali duniani. Kiasi cha kuweka kinategemea boksi, kwenye boksi la kawaida inaweza kupotea kilo 2 mpaka 5 kwa siku moja, sasa piga masaa yote toka inapofungwa mpaka bro wako anapofungua, ongeza siku nzima ya dharura, hapo ndo unapata kilo za kununua. Ukiona hesabu ya drai aisi inakula faida yote basi biashara yenyewe ndo imekujibu.

Turudi nyumbani kwako kwenye difriza. Difriza la nyumbani limetengenezwa kutunza kitu ambacho tayari kimeganda, halikutengenezwa kugandisha kilo 60 za samaki wa moto wa mnadani. Ukijaza ndoo nzima ya pweza, wa pembeni wanaganda leo na wa katikati bado kesho, na kuganda taratibu kunatengeneza chembe kubwa za barafu zinachana nyama, akija kuyeyuka anatoa maji mengi anabaki mlegevu. Viwandani wanatumia mashine za kupuliza baridi ya -30 mpaka -40 anaganda kwa masaa tu. Kama huna, kodisha nafasi kwenye kiwanda chenye hiyo mashine, na kama hata hilo gumu basi angalau fungasha vipande bapa vya kilo moja moja, vipange kwa nafasi, na usijaze difriza kwa mkupuo. Pweza kidogo anakusamehe, kugandishwa kunamlainisha na wapishi wanampenda hivyohivyo. Nguru hasamehi. Tena nguru, jodari na vibua ni ukoo mmoja na wakikaa kwenye joto wanatengeneza histamini, hii ukishaipata humo ndani hamna kupika wala kugandisha kutakakoitoa, mtu anakula anavimba uso na kuwashwa mwili mzima. Kwaiyo nguru wako awekewe barafu ya kutosha toka kwenye boti. Ukimkuta mnadani kalala juu ya turubai saa nne ya asubuhi bila barafu mwache, hata dalali akushushie bei vipi.

Na umeme je? Umeme ukikatika usiku ukarudi alfajiri we hujui kilichotokea humo ndani. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, iache humo kwenye difriza. Ukiikuta sarafu imezama ujue barafu iliyeyuka ikaganda tena, na samaki wako ndo hivyohivyo, huyo usimpeleke nje. Kwenye boksi la safari unaweza ukafanya kitu kinachofanana, chupa ndogo yenye maji nusu unaigandisha ikiwa imelala alafu unaipakia imesimama, ikifika barafu imehamia chini basi mzigo uliyeyuka njiani. Kinasa joto kile kidogo cha betri ni bora zaidi mana kinaandika na saa, kinakuambia nyuzi zilipanda saa ngapi, na hapo ndo unajua mzigo ulikuwa mikononi mwa nani.

Ambalo ndo swali lako la nani mkweli. Kwa ulivyoelezea, jeli kwa samaki wa kugandishwa, naona watu wa ndege wana hoja, ingawa inawezekana kabisa na wao waliuacha juani. Sheria ipo, Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania na Oman zote zimo. Mzigo ukifika umeharibika mpokeaji anatakiwa alalamike kwa MAANDISHI ndani ya siku 14 tangu aupokee, na fidia ina ukomo, tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo (hiyo SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), zamani ilikuwa 22. Ila shirika halilipi kama uharibifu umetokana na hali ya mzigo wenyewe au ufungaji mbovu uliofanywa na mtu mwingine, ndo mana kinasa joto kina thamani kuliko maneno elfu ya kwenye simu. Mwambie bro wako asisaini kuwa amepokea salama kabla hajafungua boksi, apige picha palepale kago, na aandike kwenye karatasi ya kupokelea "mzigo umeyeyuka" ndo asaini.

Lingine, siku. Oman wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Mzigo ukishuka Alhamisi usiku unaweza ukalala mpaka Jumapili unamsubiri afisa. Lenga ufike Jumapili mpaka Jumatano, na kipindi cha sikukuu uulize mapema zaidi.

Na nimalizie na la karatasi kwasababu umeandika kama vile ni zawadi za ndugu, wakati bro wako anauza. Hiyo ni biashara. Inatakiwa leseni ya kusafirisha mazao ya uvuvi nje, kibali cha mzigo na cheti cha afya, vyote vinapitia Idara ya Uvuvi, na afisa anatakiwa amuone samaki kabla hujapiga gundi boksi la mwisho. Pweza chini ya gramu 500 kanuni za uvuvi zinakataza kabisa, ukikamatwa nao mzigo mzima unaingia matatani. Kwa kilo 60 za mara moja moja mimi ningekushauri uingie ubia na kampuni yenye leseni na kiwanda kilichosajiliwa kuliko kupambana mwenyewe. Na mkifika tani, achaneni na ndege. Samaki aliyeganda vizuri kwenye -18 hana haraka, anakaa miezi, weka kwenye kontena la baridi apande meli, nauli ya kilo inashuka sana. Ndege ni ya freshi na ya walio hai.

Kaka habari za kazi. Binti yangu yuko Uholanzi kajifungua, naenda kumuangalia. Kaniagiza sambusa za nyama, samaki wa kukaanga, samli, maembe ya Muheza, nazi na mkate wa sinia. Nataka nigandishe vyote niweke kwenye begi la chini. Shoga yangu ananiambia nitanyang'anywa vyote. Ni kweli? (Mama wa Ngamiani, barabara ya 12)

Nzuri dada yangu, na hongera kwa kupata mjukuu. Shoga yako kasema kweli nusu.

Sambusa za nyama hapana. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka huku kuingia na nyama wala maziwa na vinavyotokana navyo, na haijalishi imepikwa, imegandishwa au ni kidogo cha kuonja, wanahofia magonjwa ya mifugo kama ugonjwa wa miguu na midomo. Kwaiyo na samli nayo hapana, na mtindi, na jibini. Usijaribu kuficha kwenye nguo, wana mbwa na mashine, wanachukua na faini juu, na wewe umeenda kulea mzazi hujaenda kugombana na watu wa uwanja. Fanya hivi, beba manda zako zimekunjwa vizuri zimegandishwa, nyama atanunua hukohuko mkaange pamoja, zitakuwa tamu vilevile tena za moto. Au tengeneza za dengu na za viazi.

Samaki ruksa! Hili watu wengi hawalijui wanaacha samaki nyumbani bure. Kwa matumizi yako binafsi unaruhusiwa mpaka kilo 20, au samaki mmoja hata akizidi hapo, samaki kamba na pweza wanahesabiwa kwa pamoja, na akiwa freshi lazima awe ametolewa matumbo. Kwa safari ndefu mimi nakushauri wa kukaanga. Mkaange akauke kisawasawa, apoe kabisa kabisa (ukimfunga wa moto anatoa jasho anaharibika kwa ndani), mgandishe kwenye mifuko bapa, funga mfuko mara mbili tatu, alafu panga kwenye boksi wabanane kama abiria wa daladala ya jioni, mana nafasi tupu ndani ya boksi ndo inayokaribisha joto. Boksi ndani ya begi, nguo kuzunguka boksi. Barafu ya maji usiweke, ikiyeyuka ikamwagikia mizigo ya watu wanakushushia begi, na maji ya samaki yenye chumvi yanakula chuma cha ndege kwaiyo hawana masihara nayo hata kidogo. Drai aisi abiria anaruhusiwa mpaka kilo 2 na nusu lakini lazima shirika likubali kwanza, uwapigie kabla ya siku ya safari usiende kuwashtukiza kaunta. Kwa samaki wa kukaanga jeli zilizoganda zinatosha, ila zikae begi la chini, kwenye begi la mkononi zinahesabiwa kama vimiminika.

Matunda. Tangu 14 Desemba 2019 Ulaya wanataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda, hata ukiwa abiria na tunda moja mkobani. Yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwaiyo nazi zako beba bila wasiwasi, na msimu wa duriani ukikukuta hapohapo bebea na huyo binti (funga vizuri lakini, mashirika mengi ya ndege yanamkataa kwa ile harufu yake). Maembe ndo shida. Cheti kinatolewa na TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea, ila maembe yana masharti ya ziada sababu ya nzi wa matunda ambaye aliingia huku kwetu mwaka 2003 na Ulaya wanamuogopa kweli. Kwa maembe kumi ya kubeba mkobani huo usumbufu hauna maana, kula hapa Tanga kabla hujaondoka.

Mkate wa sinia hauna neno, mikate na keki zisizo na nyama zinapita. Ukitaka kumpelekea asali kwa ajili ya uzazi usizidishe kilo 2. Na ukifika ukiona huna uhakika na kitu pita mlango mwekundu uwaonyeshe, anayeonyesha mwenyewe wanamchukulia kile kisichoruhusiwa basi, anayekutwa ndo anaandikiwa.

Mjomba, nimepeleka boksi mbili kago, kwa mzani wangu kilo 22, wamenichaji kilo 32. Huu si wizi? (Msomaji, Chumbageni)

Sio wizi mwanangu, ni nafasi uliyoichukua. Ndege inajaa nafasi kabla haijajaa uzito, kwaiyo wanalinganisha uzito wa mzani na uzito wa ujazo, unalipia ulio mkubwa. Unapima boksi kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, unagawanya kwa 6000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linakuja 96,000, gawanya kwa 6000 unapata kilo 16, mawili ndo hizo 32 zako. Ukipeleka kampuni za kuria, zile za kupeleka vifurushi, wengi wao wanagawanya kwa 5000, boksi hilohilo linakuwa kilo 19.2.

Hujaniambia ndani mlikuwa na nini lakini sio samaki wa kugandishwa waliojazwa, mana boksi la hivyo likijaa samaki linapita kilo 16 mbali sana. Ama ni dagaa wakavu au visheti, ama umeweka samaki wachache kwenye boksi kubwa. Punguza boksi. Na ukichagua boksi la povu nene kwa ajili ya baridi, pima kwa NJE, wao hawapimi kwa ndani.

Kaka, mimi ni mvuvi wa kaa Bagamoyo, natega kwenye mikoko upande wa Kaole. Kuna jamaa wa Kichina Dar anawataka wazima wapelekwe kwao kwa ndege, mfu halipi hata shilingi. Nikimpelekea kaa 100 wanafika hai labda 60. Nawawekea barafu na bado wanakufa. Na je nikiwapeleka nje mwenyewe bila yeye itawezekana? (Msomaji, Bagamoyo)

Kaka, barafu ndo inawaua! Kaa wa mikoko ni mnyama wa joto, baridi ya barafu inamziraisha alafu inamuua, na yale maji ya barafu ni maji baridi yasiyo na chumvi yanamkalia kwenye mashavu. Samaki mfu anataka sifuri, kaa mzima anataka ubaridi wa kivulini, nyuzi 15 mpaka 20 hivi, unyevu, na hewa. Akipata hivyo vitatu anaweza kukaa nje ya maji siku kadhaa kwasababu anapumua kwa mashavu yake ilimradi yabaki na unyevu.

Kwaiyo ukimtoa mtegoni mfunge magando yote mawili hapohapo kwa kamba, akipigana na mwenzake anakatika mguu na aliyekatika anaanza kudhoofika. Muoshe tope kwa maji ya bahari au ya mkondo uleule uliomtoa, tope likikauka kwenye mashavu linamziba. Alafu mchague, na hapa uwe mkali sana. Mbonyeze gamba la chini, akiwa laini amejivua gamba karibuni huyo hafiki popote, mrudishe majini anenepe. Mnyanyue uone macho, ukiyagusa akayarudisha haraka yuko poa, akichelewa au miguu inaning'inia muuze hapahapa mjini leo, mama karanga (wale wanawake wachuuzi wa samaki) au mahoteli wanamchukua. Nadhani katika hao 40 wako wanaokufa wengi wao walikuwa wameshachoka kabla hawajapanda gari. Panga kwenye tenga au boksi lenye matundu, tumbo chini, gunia lililoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa juu yao na katikati ya tabaka. Wasirundikane sana. Msafirishe alfajiri au usiku, Bagamoyo mpaka Dar ni kama kilomita 65 tu lakini ile foleni ya kuingia mjini mchana kwenye pikapu isiyo na turubai inawamaliza, nakuomba sana hilo ulizingatie.

Kuhusu kupeleka mwenyewe, leseni yako ya uvuvi haikupi ruhusa ya kusafirisha nje, ni leseni nyingine kabisa na inataka sehemu ya kuhifadhia iliyokaguliwa. Na China tangu 1 Januari 2022 wamebana, wazalishaji wa chakula wa nje wanatakiwa wawe wamesajiliwa na forodha yao, kwaiyo hata ungekuwa na tiketi ya mzigo mkononi bila usajili huo haushuki. Kwa sasa kubali kumuuzia yeye, ila badilisha makubaliano. Kaa wahesabiwe na kukaguliwa mbele yako anapowapokea Dar, wazima wanaopita hapo unalipwa siku hiyohiyo, watakaofia kwenye ndege ni wake. Sio haki mvuvi kubeba hasara ya safari ya Asia nzima wakati hajui hata ndege imeondoka saa ngapi, na mkiungana wavuvi kadhaa mkamwambia kwa pamoja atakubali, mana anayemuhitaji mwenzake hapo ni yeye, kaa wa kutosha hawapatikani kirahisi.

Mjomba shikamoo. Sisi wa Mkinga Mombasa ni karibu kuliko Dar. Kwanini tusipitishie samaki freshi uwanja wa Mombasa? Na ule uwanja wa ndege wa Tanga mbona hautumiki kwa mizigo ya nje? (Msomaji, Mkinga)

Marahaba. Uwanja wa Tanga unapokea ndege ndogo za abiria za Dar, Unguja na Pemba, na mzigo wa kwenda nje unataka ndege kubwa, forodha na ghala la baridi palepale. Unaweza kutuma viboksi vichache kwa hizo ndogo mpaka Dar vikaunganishwe, uliza nafasi mapema mana mabegi ya abiria yanatangulia, na uwe na mtu Dar anayekusubiri na gari ya baridi. Dar kule tangu Juni 2023 Air Tanzania wana ndege yao ya mizigo tupu, Boeing 767, inabeba kama tani 54, mbali na matumbo ya ndege za abiria za mashirika mengine ambayo ndo yanabeba samaki wengi.

Mombasa kwa kilomita ni kweli karibu, ila kumbuka nilichomwambia mwenzako wa Sahare, hesabu masaa ya kusimama usihesabu kilomita. Ukipita Horohoro unaingia forodha mbili, yetu na ya Kenya pale Lunga Lunga, na samaki wako anabaki kuwa wa Tanzania, cheti cha afya kinatoka kwa maafisa wetu, upande wa Kenya unahitaji hati za kupitisha mzigo, na uwanjani karatasi zote zikubaliane jina kwa jina na kilo kwa kilo. Herufi moja ikikosewa samaki freshi analala mpakani. Wanaoweza njia hiyo ni wenye ejenti pande zote mbili wanaofahamiana na lori lenye mashine ya baridi inayofanya kazi hata gari likiwa limezimwa. Kama unavyo hivyo viwili, jaribu kwanza na mzigo mdogo siku ya katikati ya wiki, uweke kinasa joto ndani, usome kilichoandikwa ndo uamue mzigo mkubwa upite wapi.